Herufi za Munguti

Ni mkebe wa chumvi uliomtoa Kavata kijasho.

Mikebe yote ya jikoni kwake iliandikwa na marehemu mumewe: UNGA, SUKARI, MAJANI, MAHARAGWE. Munguti alikuwa mchora ramani za nyumba, na mkono wa mchora ramani ukizoea kazi hauachi. Hata kopo la mafuta ya kujipaka aliliandika MAFUTA, utadhani kuna mtu angelipikia. Wageni walikuwa wakicheka. Kavata naye alicheka, enzi hizo za kucheka. Sasa mwaka ulikuwa umepita tangu wampeleke kumzika kwao Kangundo, na asubuhi hiyo ya Septemba, akitia chumvi kwenye maharagwe, macho yake yakatua kwenye mkebe alioushika. CHUMVI. Ile M yake, yenye miguu iliyopanuka kwa chini. Hakuna mwingine Kitengela nzima aliyeandika M namna hiyo.

Mkebe wenyewe Kavata aliununua sokoni baada ya matanga.

Akauweka chini polepole. Akaangalia na ile mingine, na ndipo alipogundua jambo ambalo mwaka mzima lilimpita machoni: mvuke wa sufuria haukuwa umefuta hata herufi moja. Wino ulikuwa mweusi ti, kama wa jana. Kavata alikuwa mtu wa kanisa, mambo ya mizuka hakuyataka nyumbani kwake. Alisema, "Nimechoka tu," akajifunga leso, akabeba ndoo ya unga wa mandazi kwenda kibandani. Lakini mlango aliufunga bila kugeuka nyuma, na hiyo si kawaida ya mtu aliyechoka tu.

*

Kibanda chake cha chai kilikuwa kando ya barabara ya Namanga, pale ambapo Wamasai walikuwa wakiuza ploti na watu wa kila kabila wakizinunua. Wateja wake walikuwa mafundi. Mwaka ule wa tisini na saba kila mtu aliyeokota vishilingi alitaka nyumba Kitengela, na mafundi walikunywa chai kama ngamia.

Ndeti, fundi mkuu, aliingia akiwa na karatasi imekunjwa kwapani. Upepo ulikuwa mwingi nje, akaitandaza mezani na kuikandamiza kwa vikombe.

"Mama Kaluki, unisamehe, nataka kuona dirisha la jikoni peke yake. Hii ni ile nyumba ya Mama Roy."

Kavata alifurahi kusikia. Mama Roy, yaani Evalyne, alikuwa rafiki yake wa kanisani. Alishona nguo kiwandani Athi River mpaka vidole vikapinda, akala sukuma wiki miaka nenda miaka rudi, ili siku moja amtoe mama yake mzee kwenye chumba cha kupanga. Sasa nyumba ilikuwa na mabati juu. Kavata akainama aone jiko la rafiki yake litakuwa wapi.

Hakuona jikoni. Aliona M. Zilijaa karatasi nzima: MLANGO, MSINGI, MBAO. Pembeni chini, kwenye kisanduku cha jina na tarehe, palikuwa na M.M., sahihi ya Munguti, na tarehe ya mwaka huo huo. Birika lilimponyoka kidogo, chai ikammwagikia Ndeti gotini.

"Woi! Mama!"

"Pole. Pole sana. Hii... hii nani alichora?"

Ndeti alimtazama kwa mshangao. "Si ni mzee wako! Hiram alituambia kuna kazi nyingi marehemu aliacha. Ndiyo maana Mama Roy aliichukua. Nani hataki ramani ya Munguti? Hata huu msingi," akagonga karatasi kwa kidole cheusi, "mimi niliona ni mfupi, futi mbili tu, na hapa ni udongo mweusi. Nikataka kubisha. Halafu nikasema, wewe Ndeti, wewe ni nani ubishane na Munguti?" Akacheka, akafuta goti. Kavata hakucheka.

*

Kaluki alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na kila Jumamosi alikwenda Kajiado. Kumpigia Hiram taipu, ndivyo alivyomwambia mama yake. Hiram, ambaye Kaluki alimwita Baba Kui, alikuwa mshirika wa Munguti. Ndiye aliyekuja baada ya mazishi akabeba ramani zote za marehemu "azitunze", na ndiye aliyeahidi kumlipia msichana masomo ya uchoraji kuanzia Januari.

Jioni hiyo Kavata alimshika binti yake mkono, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ubavuni mwa kidole cha kati palikuwa na doa la wino.

"Taipu siku hizi inachafua kidole?"

Kaluki aliuvuta mkono. Kisha machozi yakaanza. "Mwaitu, mama yangu, nilitaka kukuambia. Baba Kui alisema bado."

"Niandikie."

"Niandike nini?"

"Jina langu. Niandikie nione."

Kaluki alichukua penseli, akapiga kwanza mistari miwili myembamba, ya kufungia herufi juu na chini zisipande wala zisishuke. Kisha akaandika KAVATA MUNGUTI. Hakufanya haraka. Bega lilishuka kidogo upande wa kushoto, ulimi ukatokeza pembeni mwa mdomo, sawasawa na baba yake. Kavata alisikia penseli ikikwaruza na nywele za shingo zikamsimama, kwa maana kwa miaka ishirini alilala akisikia mkwaruzo huo chumba cha pili.

Mwenye akili angemkaripia mtoto. Kavata alikaa kitini akalia, na kilio chenyewe kilikuwa na utamu ndani yake. Akauliza kama ni yeye aliyeipitia mikebe kwa wino. Kaluki akasema ni yeye, kila ilipoanza kufifia, na ule mpya wa chumvi aliuandika mwenyewe. "Niliogopa ikifutika utalia."

"Alikufundisha lini?"

"Tangu nikiwa darasa la nne. Alikuwa ananikalisha pale kando. Alisema ramani ni ya watu wenye simiti mikononi na jua machoni. Nakala ikififia, ikinyeshewa, herufi ndogo zinakufa kwanza; a inakuwa o, e inakuwa c. Kubwa hata ikipoteza mguu bado unaijua. Kwa hivyo herufi kubwa ni za fundi, ni amri. Herufi ndogo alizoandika kwa penseli ni zake mwenyewe, ni za kujikumbusha. Ukinakili ramani, unanakili kubwa. Ndogo unaziacha."

Kavata alisikiliza kama anayesikiliza mahubiri. Hakumkataza kurudi Kajiado. Na nitasema kweli, jioni zilizofuata alikuwa akimwambia, "Hebu fanya mazoezi kidogo," akizima redio, akikaa gizani jikoni kusikiliza ule mkwaruzo na kujidanganya. Upweke ni mgonjwa mwenye njaa, hula chochote.

*

Oktoba mvua ikaja. Haikuja kama mvua ya Kitengela, ile ya kunyunyiza na kuomba radhi. Redio iliiita El Niño, na wenyeji waliiita majina mengine yasiyofaa kanisani. Ardhi nyeusi ilikunywa ikavimba, viatu vikabaki matopeni, na mama Mmasai aliyemletea Kavata maziwa alifika akiwa na matope hadi magotini.

"Takwenya," Kavata alimsalimu.

"Iko," mama akaitikia kwa Kimaasai. Akatua mtungi, akatazama nje kwenye manyumba mapya. "Mnajenga huko tu? Huko sisi hata ng'ombe hatukuwa tunalaza mvua ikinyesha. Hiyo ardhi inaamka."

Kavata akampa chai, akacheka kwa adabu. Lakini siku hiyo hiyo Ndeti akaja na randa mkononi. Milango ya kwa Mama Roy ilikuwa imekataa kufunga, ikabidi airande. "Na kuna ufa kwa kona ya sebule," alisema. "Ni lipu tu. Nitaziba."

Kaluki alikuwa akiosha vikombe. Kikombe kikatua karaini kwa kishindo.

"Ufa unaenda juu ama unalala?"

Ndeti alishangaa kuulizwa swali hilo na msichana. "Unaenda juu. Kwani?"

Ndeti alipoondoka, Kaluki alimwendea mama yake, mikono bado ina povu.

"Mwaitu, ufa wa kwenda juu ni msingi unaoshuka, si lipu. Ile ramani ya Mama Roy, baba hakuichora ya Kitengela. Ilikuwa ya mtu wa Matasia, kule karibu na Ngong, kwenye mawe. Baba Kui alifuta jina la mwenyewe kwa wembe, akaniambia niinakili yote na tarehe mpya. Na pale kwa msingi, baba alikuwa ameandika kitu na penseli. Ndogo ndogo. 'mwamba uko futi mbili. si ya udongo mweusi.'" Akafuta povu kwenye sketi. "Nilikiona. Nilikisoma. Nikakiacha."

"Kwa nini, Kaluki?"

"Kwa sababu kilikuwa herufi ndogo! Si baba mwenyewe alisema ndogo tuziache? Nilifanya vile alinifundisha. Vile vile kabisa."

*

Ofisi ya Hiram ilikuwa Kajiado mjini, nyuma ya duka la misumari na simiti. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mzee wa kanisa lake, na alimpokea Kavata kwa mikono miwili. Chumba kilinuka amonia, dawa ya kutolea nakala za buluu za ramani. Ukutani, kila ramani iliyotundikwa ilikuwa na M zenye miguu iliyopanuka. Kavata alijihisi ameingia chumba cha maiti akakuta maiti amekaa kila pembe.

Alieleza. Hiram alisikiliza mpaka mwisho, akipanga penseli zake.

"Mama Kaluki, penseli si ramani. Hata fundi hawezi kusoma. Munguti mwenyewe ndiye aliweka hiyo sheria, Mungu amrehemu."

"Lakini wewe ulijua ni ya Matasia."

"Nyumba ni nyumba. Kwani Matasia watu wanalala tofauti?" Akatabasamu. Kisha akashusha sauti zaidi. "Sasa nikuulize kama ndugu. Ukienda kwa Mama Roy, utamwambia nani aliandika ile karatasi? Tafuta herufi yangu hapo. Moja tu. Hutapata. Ni mkono wa mume wako na mkono wa binti yako. Watu watamshika nani? Watamshika Kaluki. Na mimi masomo yake nishayapangia Januari. Mtoto ana kipawa, Mama. Usimharibie."

Akamtolea soda. Na Kavata, sijui ni kiu, sijui ni aibu, akainywa yote. Hilo la soda lilimchoma kuliko maneno. Alifika nyumbani ladha yake ingali mdomoni.

Usiniulize kwa nini hakwenda moja kwa moja kwa Evalyne. Ungekuwa na mtoto mmoja, na mtoto huyo ana mlango mmoja tu duniani, nawe umeushika kitasa, ungejua. Kavata alikaa jikoni akaitazama mikebe. Halafu akasema kitu ambacho baadaye alitamani angekimeza.

"Baba yako ndiye alisahau kusema kwa herufi kubwa. Basi aseme sasa. Nenda umwandikie ukutani kwa Mama Roy."

"Mwaitu!"

"Mafundi watasoma. Wanamwamini. Hakuna atakayejua ni wewe."

Walikwenda jua likizama, mvua ikiwa imepumzika na mafundi wameshaondoka. Kavata alishika kopo la rangi nyeusi. Kaluki, hata katika hali ile, alikataa kuandika kabla hajapiga mistari miwili kwa uzi uliopakwa mkaa. Kisha kwenye ukuta wa mbele, upana wa mikono miwili, akaandika: MSINGI HAUJAFIKA MWAMBA. MSIHAMIE.

Zilikuwa herufi nzuri. Kavata alirudi nyuma kuzitazama, na giza likiingia aliona kama zilikuwa zikimtazama yeye.

*

Asubuhi Ndeti alifika kibandani bila kofia, mdomo mkavu.

"Mama Kaluki, mzee amerudi."

"Nani?"

"Munguti! Ameandika ukuta. Vijana wangu wote wametoroka, mmoja ameacha hata mwiko."

Kavata alikuwa na nafasi ya kukiri pale. Nafasi ilikaa mbele yake ikamngoja. Alisema, "Ameandika nini?"

"Nani ana haja ya kujua ameandika nini! Maiti akiandika, unasoma?"

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyeuliza habari za msingi wala mwamba. Waliona mkono wa mfu, wakaacha maneno. Kufikia saa sita Kitengela nzima ilijua kwamba Munguti anadai kitu. Wengine walisema hakulipwa ramani. Wengine walisema mjane wake hakumlilia vizuri. Evalyne mwenyewe alikuja kibandani na nguo za kiwandani, amelia njia nzima.

"Mama Kaluki, mume wako anataka nini na mimi? Nilimkosea nini? Nimekula mboga kavu miaka hii yote nijenge, halafu mtu amekufa anikataze kuhama?"

Kavata alimmiminia chai. Chai ikafurika kikombe, na Evalyne akaona, akamshika mkono kwa huruma. "Najua ni uchungu kwako pia, dada yangu. Tutaomba. Pasta anakuja."

Pasta alikuja. Ukuta uliombewa, ukakemewa, ukapakwa chokaa mara mbili. Mafundi wakarudi. Ndeti akaziba ufa kwa lipu, na ukafunguka tena, akauziba tena. Ikatangazwa kanisani kwamba Jumamosi nyumba itabarikiwa, na Evalyne na mama yake watalala humo siku hiyo hiyo.

"Si uende umwambie," Kaluki alisema. Hakuwa amekula vizuri tangu ukuta upakwe chokaa. "Ama niende mimi."

"Nitakwenda."

"Lini?"

Kavata akaanza kukanda unga wa chapati za sherehe.

*

Jumamosi mvua ilinyesha kama inayolipwa. Hata hivyo watu walikuja, wakaacha viatu vya matope barazani, wakajaa sebuleni. Kwaya ilisimama upande wa jikoni. Mukai, mama yake Evalyne, aliketishwa mahali pa heshima, kwenye kona, juu ya kigoda chake cha tangu ujana. Nyuma ya kichwa chake palitundikwa kalenda kubwa yenye picha ya maporomoko ya maji.

Kavata aliingia na sinia la chapati akajua mara moja kwa nini kalenda imetundikwa pale. Ufa ulikuwa umetokeza juu yake na chini yake. Kila ngoma ya kwaya ilipopigwa, kalenda ilitikisika. Mukai alikuwa akitabasamu, anapiga makofi, bibi wa watu, meno mawili tu mdomoni. Alimwona Kavata akamwita kwa mkono.

"Kavata! Njoo ukae hapa na mimi. Hapa ndipo kitanda changu kitakuwa."

Pasta akamaliza kuomba. Akauliza kama kuna jirani mwenye neno la pongezi.

Kavata alisimama. Sinia bado lilikuwa mikononi, na hakujua pa kuliweka, kwa hivyo alilishika tu wakati wote aliosema.

"Evalyne. Hakuna mtu alirudi. Munguti amekufa, amelala Kangundo. Ule mwandiko kwa ukuta ni wa Kaluki. Mimi ndiye nilimtuma. Na hii ramani pia ni mkono wa Kaluki, Hiram alimpa ainakili. Ni ya nyumba ya Matasia, ya kwa mawe. Baba yake alikuwa ameandika kando kwamba si ya udongo mweusi, lakini aliandika na penseli, herufi ndogo, na mtoto alifundishwa ndogo zinaachwa. Akaacha. Nimejua hivyo muda wote umekuja kibandani kulia, na nikakupea chai. Msingi haujafika mahali. Tafadhali msilale hapa."

Mabati tu ndiyo yaliyosema. Kisha Evalyne akacheka, kicheko kibaya.

"Mama Kaluki, wivu umeanza lini? Kwa sababu mimi nimejenga na wewe unapanga?"

"Si wivu."

"Huyu msichana aandike kama Munguti?" Ndeti akadakia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba isiwe kweli. "Mimi nimesoma herufi za Munguti miaka kumi. Msichana?"

Kaluki alikuwa mlangoni, nguo zimelowa. Alipita katikati ya watu, akaokota kipande cha mkaa kwenye jiko la wapishi, akaenda kwenye ukuta mpya mweupe wa sebule. Akapiga mstari wa juu. Akapiga wa chini. Kisha, bega likishuka upande wa kushoto, akaandika neno moja: MWAMBA. Akina mama wakaguna. Ndeti akasogea, akagusa miguu ya ile M kwa kidole, akaketi sakafuni na kushika kichwa.

"Mungu wangu. Na mimi nilijua ni futi mbili tu. Nilijua kwa macho yangu."

Bado hakuna aliyetoka. Watu ni hivyo. Aibu ya kutoka mbele ya pasta ni kubwa kuliko ufa. Pasta mwenyewe alikuwa akifungua na kufunga Biblia. Ndipo Mukai aliposimama, magoti yakilia, akainama akakichukua kigoda chake.

"Mama, kaa," Evalyne alisema.

"Mimi sijui kusoma," bibi akasema. "Ile ya ukuta sikusoma, hii sijasoma. Lakini huyu amesema na mdomo, na nimesikia. Natoka." Na akatoka kwenye mvua na kigoda chake kichwani. Ikabidi watu wamfuate.

Evalyne alibaki wa mwisho. Alipompita Kavata alipiga sinia lile kwa mkono, chapati zikasambaa juu ya sakafu mpya. Kavata akapiga magoti, akaziokota moja moja, maana hakujua jambo lingine la kufanya.

*

Kona ile ilianguka wiki iliyofuata, mchana, wakati watu wako kazini. Ilianguka na dirisha, na kalenda, na nusu ya mabati. Hakuumia mtu. Mafundi walipokwenda kutazama walikuta pale ambapo kitanda cha Mukai kingewekwa pamelaliwa na mawe.

Hakuna aliyemshukuru Kavata. Wateja walipungua; wengine walihamia kibanda cha jirani, wakipita kwake na salamu fupi. Kanisani aliachiwa benchi zima. Hiram alifunga ofisi ya Kajiado, na baadaye ikasemekana amefungua nyingine Embulbul, sijui nani anamwandikia. Januari ikaja ikapita. Masomo ya Kaluki yalikufa bila msiba. Alishinda kibandani akiosha vikombe, na penseli hakuigusa. Jikoni, mvuke ulianza kula mikebe. SUKARI ikapoteza S. Kavata aliona, hakumwomba aipitie. Jioni nyumba ilikuwa kimya, na safari hii kimya hicho kilikuwa chake kihalali.

Mvua ilikwisha kukatika na matope yamepasuka vipande siku Evalyne alipoingia kibandani. Alikuwa amekonda. Hakuketi. Aliweka karatasi kubwa nyeupe, iliyokunjwa, mezani.

"Sikuja kwa urafiki," alisema.

"Karibu," Kavata akasema.

"Nimemwita Ndeti na mtu mwingine anayejua udongo. Wamechimba mpaka wakagonga jiwe, mbali sana chini. Nitaanza tena, chumba kimoja, cha mama. Nataka ramani." Akamgeukia Kaluki. "Wewe ndiye utachora. Hapa hapa nikiona."

"Siwezi, Mama Roy."

"Utaweza. Mimi nalala kwa chumba cha kupanga na mama mzee kwa sababu yako. Utaweza."

Kaluki alipangusa mikono kwa aproni, polepole, kidole kimoja kimoja. Akaketi. Alichora chumba, mlango, dirisha la kutazama mashariki kama Evalyne alivyotaka, naye Evalyne akasimama juu ya bega lake kama msimamizi wa mtihani. Kavata aligeuka upande wa birika. Aliusikia ule mkwaruzo, na moyo wake ukaruka kama zamani. Safari hii hakufumba macho.

Alipofika kwenye msingi, Kaluki alisita. Kisha akapiga mistari miwili, si pembeni, bali katikati pale ambapo hakuna fundi angeweza kuikosa, akaandika kwa wino: UDONGO MWEUSI. CHIMBA MPAKA MWAMBA. USIPOUONA, USIJENGE.

Evalyne aliinama akasoma, midomo ikienda.

"Hizo M si za baba yako?"

"Ni zake. Sina zingine."

"Na maneno?"

"Maneno ni yangu."

Evalyne alitazama kile kisanduku kitupu cha pembeni, ambapo zamani palikuwa pakiandikwa M.M. Akaweka kidole juu yake.

"Basi andika jina lako hapa. Lote. Nyumba ikianguka nijue wa kushika."

Kaluki akapiga mistari miwili, akaandika jina lake. Evalyne alingoja wino ukauke, akavuta benchi, akaketi.

"Mama Kaluki," akasema bila kumtazama, "hiyo chai ni ya kuuza ama ni ya maonyesho?"